Oili Iliyozidi Alama Si Akiba

Kuna desturi iliyoenea katika vituo vya polisi na kambi za majeshi, nayo hutokana na nia njema kabisa. Dereva anayejiandaa kwa safari ndefu hufungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaona kiasi kiko katikati ya alama mbili, kisha akamimina kopo zima. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba njia ni ndefu na akiba haiozi. Hufanya vivyo hivyo kwa maji ya rejeta, kwa mafuta ya breki, kwa betri na kwa tangi la petroli: kila chombo kijazwe pomoni. Gari huondoka likiwa limeshiba, na dereva hukaa nyuma ya usukani kwa moyo mtulivu, asijue kwamba huenda amelipunguzia gari lake nguvu ya kufika aendako.

Askari amefunzwa kuogopa upungufu, na amefunzwa vyema. Injini iliyokosa oili hufa, na kila dereva wa serikali amelisikia jambo hilo tangu wiki ya kwanza ya mafunzo. Lakini kijiti kina alama mbili, wala si moja. Alama ya chini huheshimiwa kama amri. Alama ya juu huchukuliwa kama ushauri. Ukweli ni kwamba waliounda gari waliacha nafasi tupu juu ya kila kimiminika kwa makusudi. Nafasi hiyo ni sehemu ya mtambo kama ilivyo pistoni au gurudumu, na anayeijaza ameondoa kitu, ingawa kwa macho aonekana ameongeza.

NDANI YA INJINI

Tuanze na oili ya injini, kwa maana hapo ndipo kosa hutendeka mara nyingi zaidi. Chini ya injini kuna bakuli la bati ambalo mafundi huliita sampu. Oili hulala humo, na pampu huifyonza kutoka chini na kuisukuma hadi kwenye beringi, vali na kuta za silinda. Juu kidogo ya uso wa oili huzunguka kranki, ule mhimili mzito uliopindapinda ambao pistoni huusukuma. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki hupita juu ya oili hiyo mara 50 kwa kila sekunde moja. Oili ikiwa katika kipimo chake, kranki haiigusi. Ikizidi kupita kiasi, kranki huanza kuichapa kama mwiko uchapao mayai ndani ya bakuli, na oili hugeuka povu.

Povu ni oili iliyochanganyika na hewa, na hewa haiwezi kubeba uzito. Beringi hudumu kwa sababu kati ya chuma na chuma kuna utando mwembamba wa oili usiokubali kubanwa. Pampu ikifyonza povu, utando huo hukatika hapa na pale, shinikizo la oili hushuka, na taa nyekundu ya oili yaweza kuwaka ilhali sampu imejaa kuliko kawaida. Dereva aionapo taa hiyo hudhani oili imepungua. Hushuka, akaongeza tena. Sijui kosa jingine katika utunzaji wa gari ambalo hujilisha lenyewe namna hii.

Wakati huohuo, mvuke wa oili na shinikizo la hewa huongezeka chini ya pistoni na kutafuta pa kutokea. Shinikizo hilo husukuma sili za mpira zilizo mbele na nyuma ya injini. Sili ya nyuma ikishindwa, oili huvujia upande wa klachi; sahani ya klachi ikilowa huteleza, na gari lililobeba askari kumi hushindwa kupanda kilima ambacho jana lilikipanda bila taabu. Oili nyingine hupita katika tundu la kupumulia la injini, ikaingia kwenye njia ya hewa, ikalowesha chujio, kisha ikachomwa pamoja na petroli. Moshi wa buluu hutoka nyuma, plagi hushika masizi, na katika magari ya siku hizi kile chombo cha kusafishia moshi kilicho ndani ya ekzosi huharibika, nacho ni ghali mno. Kwa askari aliye doriani, moshi huo una ubaya mwingine usiohitaji kuelezwa.

Injini ya dizeli yahitaji tahadhari ya peke yake. Haina plagi za cheche; huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Kwa hiyo haichagui sana inapewa nini: mvuke wa oili unaoingia kwa njia ya hewa nao ni chakula chake. Ikitokea kwamba oili iliyozidi inaingia kwa wingi, injini yaweza kuanza kukimbia yenyewe, ikipaza sauti juu zaidi na zaidi, hata dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta. Kuzungusha ufunguo hakusaidii kitu, kwa kuwa ufunguo hukata dizeli tu, na injini sasa haili dizeli. Katika gari la gia za mkono, dawa ni kukanyaga breki kwa nguvu zote, kuingiza gia kubwa kuliko zote na kuachia klachi ghafla ili injini izimike kwa kulemewa. Njia nyingine ni kuziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao au kitu kingine kigumu, kamwe si kwa kiganja wala kitambaa, maana mvuto wake ni mkali. Ikiwa hayo yote hayawezekani, watu wakae mbali na boneti, kwa sababu injini iliyopita mwendo wake huweza kupasuka na kurusha vyuma.

Haimaanishi kwamba tone moja juu ya alama litaua injini. Unene wa unyasi juu ya alama ya juu si msiba. Lakini katika magari madogo mengi, umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni lita moja hivi. Basi na tufanye hesabu ya gari la kituo, ambalo kwa siku moja huendeshwa na watu watatu. Wa alfajiri hukuta oili iko katikati, akaongeza nusu lita, na hapo imefika alama ya juu. Wa adhuhuri hupima gari likiwa limeegeshwa mtelemkoni, oili imekimbilia upande wa pili wa sampu, kijiti kinadanganya, naye aongeza nusu lita. Wa usiku hupima dakika ile ile injini inapozimwa, wakati oili nyingi bado iko juu haijashuka, naye aongeza nusu nyingine. Kabla ya jogoo kuwika gari lina lita moja kamili kupita kiasi, na hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyezembea. Kila mmoja alitimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu wa wino katika kitabu cha gari: nani ameongeza, kiasi gani, saa ngapi.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Gari lisimame mahali tambarare. Injini ikiisha kuzimwa, ingoje dakika tano hadi kumi, isipokuwa kitabu cha gari kinaagiza vingine. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kichomolewe tena na kusomwa. Anayesoma kwa mchomoo wa kwanza amesoma matope yaliyorushwa, hakusoma kipimo.

Tena, kuna oili inayozidi pasipo kuongezwa na mtu. Hiyo ni hatari kuliko ile ya kopo. Ikiwa jana oili ilikuwa katikati na leo imepanda, jambo fulani limeingia ndani yake. Ikiwa rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, ni maji, na huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Ikiwa imekuwa nyepesi na inanuka dizeli au petroli, basi mafuta yanavuja kuingia chini. Katika magari ya dizeli ya siku hizi yenye chujio la masizi ndani ya ekzosi, dizeli huweza kushuka kwenye oili hasa yakitumika kwa safari fupi fupi za mjini, kama yalivyo magari mengi ya polisi. Gari la namna hiyo lisitoke. Lipelekwe karakana.

GIABOKSI, DIFU NA MTO

Giaboksi ya gia za mkono na difu, kwa kawaida, hazina kijiti. Zina tundu ubavuni lenye skrubu, nalo tundu ndilo kipimo: oili hutiwa hadi ianze kuchuruzika, huachwa idondoke hadi ikome, ndipo hufungwa. Lakini wapo wanaoinua gari upande mmoja kwa jeki ili difu ichukue zaidi. Oili hiyo ikipata moto hutanuka, meno ya gia huichapa, na shinikizo hutafuta sili. Katika magari mengi ya kazi yenye ekseli nzima ya nyuma, oili inayopenya sili ya ekseli haimwagiki barabarani ambako ingeonekana. Huingia katika ngoma ya breki. Dereva huambiwa na difu kwamba imezidi wakati anapokanyaga breki mtelemkoni na gurudumu moja likakataa kushika.

Kila difu ina tundu dogo la kupumulia juu yake, na katika barabara za udongo tundu hilo huziba kwa matope yaliyokauka. Likiziba, hata kipimo sahihi huwa kama kimezidi, maana hewa haina pa kutokea. Na hapa yafaa kusema neno juu ya kuvuka maji. Mito ya msimu ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, huwa michanga mitupu leo na kesho ikajaa. Gari lililokimbia kwa saa nzima huwa na difu ya moto. Likiingia ghafla majini, difu hupoa, hewa iliyomo hunywea, na difu huvuta kwa nguvu chochote kilicho jirani. Tundu la kupumulia likiwa zima na limeinuliwa kwa mpira hadi juu, huvuta hewa. Likiwa limeziba, huvuta maji kupitia kwenye sili. Kwa hiyo baada ya kuvuka, dereva akifungua skrubu ya ubavuni na kuona oili nyingi yenye rangi ya maziwa ikimwagika, asifurahi kwamba difu imeshiba. Ameongezewa na mto.

Giaboksi ya otomatiki ni shauri jingine. Nayo huchukia povu kuliko zote, kwa sababu huendeshwa kwa shinikizo la oili yenyewe. Ikizidi, gia huchelewa kuingia au huteleza. Magari mengi ya aina hiyo hupimwa oili ikiwa moto na injini ikinguruma, kinyume cha injini. Asiyejua gari lake ni la aina gani asome kitabu kwanza.

BREKI NA MAJI

Mafuta ya breki yana siri ambayo wengi hawakufundishwa. Kichupa chake hupungua polepole hata kama hakuna pahali panapovuja. Pedi zinapolika, pistoni za breki husogea nje kufuata pedi, na mafuta hushuka kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake. Kushuka huko ni taarifa: pedi zinakwisha. Dereva anayejaza kichupa hadi mdomoni kila apatapo nafasi huwa ameizima taarifa hiyo kwa mkono wake, kama mlinzi anayeondoa kengele kwa sababu inamsumbua. Siku fundi atakapoweka pedi mpya na kurudisha pistoni ndani, mafuta yote yaliyozidi hurudi juu na kufurika. Mafuta hayo hula rangi ya gari, na yakidondokea ekzosi yenye moto mkali huweza kuwaka. Yakimwagika, yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Kipimo ni alama ya juu iliyochorwa kichupani, na nafasi iliyobaki juu yake ni ya mafuta kutanukia breki zinapopata joto la mtelemko mrefu.

Kuhusu maji ya rejeta, hesabu ni nyepesi. Maji yakitoka joto la kawaida hadi karibu na kuchemka hutanuka kwa asilimia nne hivi. Mtambo unaobeba lita kumi huhitaji nafasi ya karibu mililita mia nne. Ndiyo maana magari ya sasa yana kichupa cha pembeni chenye alama mbili, na ndiyo maana rejeta za zamani zisizo na kichupa hicho huachiwa upana wa vidole viwili chini ya shingo. Ukijaza hadi juu, gari litatema ziada kupitia mrija wa kumwagia. Hasara ya maji si kitu. Hasara ni kwamba dereva huona maji chini ya gari, hudhani rejeta imetoboka, huongeza maji ya bomba, gari hutema tena, na baada ya wiki mbili ile dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa na fundi imekwisha, yamebaki maji matupu. Katika nchi ya miinuko jambo hilo lina uzito. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hapo maji katika sufuria wazi huchemka yafikapo digrii 93 hivi. Rejeta huokolewa na kifuniko chake kinachozuia shinikizo lisitoke, pamoja na dawa iliyomo. Na kifuniko hicho hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama mkubwa ana haraka.

Betri ya maji husahauliwa katika mazungumzo haya, ilhali redio ya gari la doria huitegemea. Maji yaliyosafishwa yatiwe hadi kufunika sahani kwa kiasi cha milimita kumi tu, au hadi alama iliyopo, na yatiwe baada ya betri kuchajiwa, isipokuwa sahani zikiwa zimeachwa wazi. Betri inapochajiwa hutoa mapovu na maji yake hupanda. Ikiwa imejazwa mno, kinachofurika si maji bali asidi. Hula kikalio na vichwa vya nyaya, na betri iliyopoteza asidi haipati nguvu yake tena kwa kuongezwa maji.

TANGI NA JERIKENI

Petroli hutanuka kuliko maji. Kwa kila digrii kumi za joto, lita mia moja huongezeka karibu lita nzima. Tangi la lita 70 lililojazwa hadi shingoni alfajiri ya baridi, kisha gari likaegeshwa juani hadi petroli ikapanda kwa digrii ishirini, hudai nafasi ya lita moja na theluthi ambayo haipo. Ziada hiyo hutoka ikiwa petroli au mvuke, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini ukatafuta jiko la kantini au sigara ya mlinzi. Bomba la kituo likijifunga lenyewe, basi limetosha. Kulibonyeza mara ya tatu na ya nne katika magari ya kisasa hupeleka petroli ndani ya kikopo cha mkaa kinachonasa mvuke, na kikopo hicho hakikuumbwa kunywa.

Waliojifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko wote ni majeshi ya Uingereza jangwani Afrika Kaskazini katika Vita Vikuu vya Pili. Walibeba petroli katika mikebe myembamba ya galoni nne, ndugu wa debe tunalopimia nafaka hata leo, na kwa joto na mitikisiko ya njia mikebe hiyo ilipasuka mishononi, petroli nyingi ikanywewa na mchanga kabla ya kufika kwenye vifaru. Wajerumani walikuwa na chombo kingine, kilichobuniwa mwaka 1937: dumu la chuma la lita 20, lenye vishikio vitatu, kifuniko cha kubana kwa wenzo, na kinundu cha juu ambamo hewa hubaki hata chombo kikisemekana kimejaa. Waingereza waliyateka, wakayapenda, kisha wakayaiga. Jina walilolipa, lililotokana na lakabu yao kwa Wajerumani, ndilo tunalolitamka hata leo: jerikeni. Ile hewa ya kinunduni si uvivu wa kiwanda. Petroli ya lita 20 ikipata moto wa digrii ishirini zaidi hudai zaidi ya theluthi moja ya lita, na hapo ndipo pake. Anayeinamisha jerikeni ili petroli iingie hadi kinunduni amelirudisha kuwa mkebe wa jangwani. Madumu ya plastiki ya mafuta ya kupikia hayamo kabisa katika hesabu hii, wala hayafai kubebea petroli.

KUONDOA ILIYOZIDI

Ikiwa imegunduliwa kwamba oili ya injini imezidi sana, gari lisiwashwe kwa matumaini kwamba ziada itaungua yenyewe. Itaungua, lakini kwa njia tuliyoieleza. Chombo safi kiwekwe chini, boliti ya kumwagia ilegezwe bila kutolewa yote, na oili iachwe itoke kidogo kidogo. Au ivutwe kwa bomba la sindano na mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti. Isivutwe kwa mdomo. Oili iliyotoka isimwagwe mtaroni. Ikabidhiwe stoo, na kiasi chake kiandikwe kitabuni kama vile kingeandikwa kilichoongezwa. Boliti ikazwe, injini iwashwe dakika mbili, izimwe, na baada ya dakika kumi kijiti kisomwe tena na mtu wa pili.